Mbegu Bora Inaita, Ini Halina cha Kujibu

Mbegu za ng'ombe zilizochaguliwa jinsia, zile zinazompa mfugaji nafasi ya takriban asilimia 90 ya kupata ndama jike, zimetoka kwenye mashamba makubwa na kuingia vijijini. Zinafika ndani ya mtungi wa naitrojeni uliofungwa nyuma ya pikipiki ya mhamilishaji, na mara nyingi zinafika kwa wingi, kwenye kambi ambako ng'ombe wengi wamechomwa homoni ili waingie kwenye joto siku moja. Hesabu inayotajwa kwenye kambi hizo kila mfugaji anaijua: ng'ombe wa kienyeji anakamuliwa lita moja au mbili kwa siku, binti yake chotara atakamuliwa kumi, mjukuu wake ishirini. Nazipenda mbegu hizi, na sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini hesabu ile imeruka hatua, na hatua iliyorukwa ndiyo inayowatia wafugaji hasara. Mbegu bora humpa ng'ombe kiwele chenye uwezo wa kudai glukosi nyingi, yaani sukari ya damu. Glukosi yenyewe haimo kwenye mrija wa mbegu. Hutengenezwa na ini, kila siku, kutokana na kile kilichopita kinywani. Tukiendelea kuhesabu mitamba bila kuhesabu glukosi, tutakuwa tunazalisha madai yasiyo na mlipaji.

Ili hoja hiyo ieleweke lazima tuingie ndani ya kiwele. Wengi wetu tukisikia maziwa mengi tunafikiria mafuta na protini, kwa sababu ndivyo tunavyoviona: malai juu ya sufuria, uzito wa mtindi. Lita zenyewe zinaamuliwa na kitu kisichoonekana kwa macho. Karibu asilimia 87 ya maziwa ya ng'ombe ni maji, na mvutaji mkuu wa maji hayo ni laktosi, sukari ya maziwa. Laktosi hutengenezwa ndani ya vifuko vidogo vya seli za kiwele na ikishatengenezwa haiwezi kutoka humo kurudi kwenye damu. Kwa kuwa imejaa humo, maji hulazimika kuifuata, na ndivyo maziwa yanavyopata ujazo. Ndiyo maana kiwango cha laktosi hakibadiliki sana, kiko kati ya asilimia 4.6 na 4.8 kwa ng'ombe wengi, wakati mafuta hupanda na kushuka kwa msimu na kwa chakula. Kiwele kikitengeneza laktosi nusu, hakitoi maziwa mepesi yenye sukari nusu. Kinatoa nusu ya maziwa.

Kazi hiyo inafanywa na protini mbili zilizoshikana. Ya kwanza ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, kiitwacho galaktosiltransferesi; kipo katika seli nyingi za mwili na huko kina shughuli zake nyingine kabisa. Ng'ombe anapokaribia kuzaa, homoni ya projesteroni inaposhuka na prolaktini kupanda, seli za kiwele huanza kutengeneza kwa wingi protini ndogo iitwayo alfa-laktalbumini. Protini hiyo hukishika kimeng'enya kile na kukibadilisha tabia, na kuanzia hapo kinaunganisha glukosi na sukari nyingine, galaktosi, kuwa laktosi. Mwaka 1994 watafiti wa Ufaransa walieleza habari za panya waliowazalisha bila jeni ya protini hiyo. Panya hao walizaa salama na matiti yao yakajaa, ila maziwa yalikuwa mazito kiasi kwamba watoto walishindwa kuyanyonya. Mafuta yalikuwepo, protini zilikuwepo. Kilichokosekana ni laktosi, na pamoja nayo maji. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi ya huo kwamba swali la lita ni swali la laktosi, na swali la laktosi ni swali la glukosi, maana hata galaktosi inayounganishwa humo hutokana na glukosi hiyo hiyo.

Sasa tuweke namba. Kiwele cha ng'ombe huchukua takriban gramu 72 za glukosi kutoka kwenye damu kwa kila lita ya maziwa. Ng'ombe wa lita 25 anahitaji gramu 1,800 kwa siku kwa ajili ya kiwele tu, yaani karibu pakiti mbili za kilo moja moja za sukari, kabla hatujahesabu ubongo, mimba au misuli. Damu yote ya ng'ombe wa kilo 450 inayozunguka mwilini kwa wakati mmoja ina glukosi gramu kama 20. Kiwele cha lita 25 hunyonya gramu 75 kwa saa. Kwa hiyo akiba yote iliyomo kwenye damu hujazwa upya na kumalizwa karibu mara nne kila saa, mchana na usiku, kwa miezi kadhaa. Mahali pengine mwilini pangeweza kusaidiana na ini angalau kidogo. Kiwele hakiwezi, kwa sababu ya upungufu mmoja ambao natamani kila afisa ugani aujue: seli zake hazina kimeng'enya cha glukosi-6-fosfatesi, kile kinachokamilisha hatua ya mwisho ya kutengeneza glukosi huru. Ini linacho. Kiwele kina heksokinesi, kimeng'enya cha kuifunga glukosi ikishaingia isitoke tena, lakini hakina cha kuitengeneza. Ni jiko lisilo na kisima.

Na ng'ombe, tofauti na sisi, hapati glukosi ya maana kutoka tumboni. Wanga na sukari anayokula humezwa kwanza na vijidudu vya rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza, na vijidudu hivyo huvigeuza kuwa asidi tatu: asetati, propionati na butirati. Kati ya hizo, propionati peke yake ndiyo ini linaweza kuigeuza kuwa glukosi kwa kiasi cha kutosha. Sehemu iliyobaki ini huitafuta kwenye asidi za amino, kwenye lakteti na kwenye gliseroli. Kwa sababu ya uhaba huu, kiwele cha ng'ombe kimejifunza ubahili. Panya anaponyonyesha, tezi zake huchukua glukosi na kuigeuza hata kuwa mafuta ya maziwa. Kwa ng'ombe, kimeng'enya kinachofungua njia hiyo kiko chini sana. Yeye hujenga mafuta yake kwa asetati inayotoka kwenye nyuzi za majani, na glukosi huiachia zaidi laktosi. Hapo ndipo ulipo ule ukweli ambao mkamuaji mzoefu anaujua bila kusoma vitabu: majani makavu matupu yatakupa maziwa yenye mafuta mazuri, lakini hayatajaza ndoo.

Hapa pia ndipo inapokufa dhana ya kumpa ng'ombe maji ya sukari au ndoo ya molasi ili "ashushe maziwa". Sukari ile haifiki kwenye damu kama sukari. Inaishia kwa vijidudu vya rumeni, nayo huchachuka kuwa asidi, tena ikizidi humwumiza mnyama tumbo na kumkatisha hamu ya kula. Molasi ina kazi yake: kuyafanya mabua ya mahindi yalike, na kuvipa vijidudu nguvu ya haraka pale protini ipo. Kuigeuza dawa ya maziwa ni kuidai isichokuwa nacho.

Tuseme basi mtamba amezaa. Mwili wake unabadilika kwa mpango ambao wanafiziolojia Bauman na Currie waliueleza mwaka 1980: kiwele kinakuwa mfalme na viungo vingine vinapanga foleni. Insulini hushuka, homoni ya ukuaji hupanda, misuli na mafuta ya mwili vinakuwa vigumu kuipokea glukosi. Milango ambayo glukosi hupita kuingia kwenye seli za kiwele haisubiri amri ya insulini, nayo huongezeka sana siku hizo. Matokeo ni kwamba hata ng'ombe mwenye njaa, damu yake ikiwa na glukosi ya kukwangua, kiwele kinaendelea kuichota. Kuchagua mbegu kwa vizazi vingi huko Ulaya na Marekani kumefanya hasa kazi hii ya kukipa kiwele nguvu zaidi kwenye foleni. Ng'ombe wetu wa kienyeji foleni yake ni ya upole. Ukimlisha vizuri, maziwa yanaongezeka kidogo, kisha ananenepa. Ukimnyima, anakausha maziwa na kujiokoa. Friesian ukimnyima haokoki kirahisi hivyo.

Nimeliona hilo mara moja kwa karibu. Mama mdogo wangu huko Njombe alipewa na mradi mtamba mwenye mimba, mnyama mzuri kweli kweli. Alizaa Julai, wakati wa baridi na ukame, na wiki ya kwanza akakamuliwa lita 16, majirani wakaja kuangalia. Wiki ya tatu ng'ombe alikataa pumba, akawa analamba ukuta wa banda, pumzi yake ikinuka utamu kama wa tunda lililoiva kupita kiasi. Maziwa yakaanguka hadi lita tano. Bwana mifugo alimtundikia chupa ya nusu lita ya dekstrosi, jina jingine la glukosi, naye akasimama, na kwa siku mbili mama mdogo aliamini amepona. Chupa ile ya asilimia 50 ina glukosi gramu 250. Kwa ng'ombe wa lita 16 hiyo ni kazi ya kiwele ya saa tano hivi. Mradi ulikuwa umemfundisha chanjo, kuogesha na kutunza kumbukumbu, na kuhusu chakula cha wiki tatu kabla na wiki tatu baada ya kuzaa haukumwambia neno. Ng'ombe yule alikaa karibu mwaka mzima bila kuingia kwenye joto.

Wanaotetea mkazo kwenye mbegu wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba bila kosaafu bora, yaani ukoo bora wa mnyama, chakula hakifanyi miujiza, na nimekwisha kukiri: ng'ombe wa kienyeji ukimjazia mashudu atakuletea kitambi. Wanatoa pia mfano wa Israeli, nchi ya joto, ambako wastani wa ng'ombe mmoja unazidi kilo 11,000 za maziwa kwa mwaka. Mfano ni wa kweli. Ila ng'ombe yule hulishwa chakula kilichopimwa na kuchanganywa kila siku, nafaka nyingi zikiagizwa kutoka nje, na hupozwa kwa maji na feni ili joto lisimpunguzie hamu ya kula. Huwezi kununua mbegu ya Israeli ukaacha banda na chakula chake. Mfano huo ukiusoma wote, unaunga mkono hoja yangu.

Hoja ya pili inatoka maabara, na ndiyo inayonifanya nichague maneno kwa uangalifu. Watafiti wamewahi kuwaongezea ng'ombe waliolishwa vizuri glukosi zaidi moja kwa moja, na mara nyingi maziwa hayakupanda ipasavyo. Je, hiyo haionyeshi kwamba kikomo ni kiwele na homoni zake, ambazo ni mambo ya kurithi? Kwa ng'ombe aliyeshiba, ndiyo. Lakini mwaka 1967 mtafiti Linzell, aliyefanya kazi Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, alipima maziwa ya mbuzi saa kwa saa huku akiwapa glukosi kwenye mishipa. Mbuzi walioshiba, glukosi haikuwaongezea cha kutaja. Mbuzi walionyimwa chakula, maziwa yaliyokuwa yameporomoka yalipanda tena glukosi ilipoingia. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: ng'ombe wa mfugaji mdogo wa Njombe, wa Nyandarua, wa miteremko ya Kilimanjaro ambako kina mama hutoka tambarare wakipanda mlima na mizigo ya majani kichwani, anafanana na mbuzi yupi wa Linzell? Anayezijua zizi hizo mwezi wa Septemba hahitaji kuambiwa.

Hoja ya tatu husema mpe mfugaji mnyama bora, faida itamfundisha kulisha. Hii imefanya kazi mahali ambapo soko liko mlangoni, kama Kiambu kwa Nairobi. Lakini inadhani kuna muda wa kujifunza. Wiki sita za kwanza baada ya kuzaa ndizo zinazoamua kilele cha maziwa, na ndizo pia zinazoamua kama ng'ombe atashika mimba tena kwa wakati. Somo linafika baada ya mtihani.

Dhaifu kuliko zote ni ile inayosemwa kwa kujiamini zaidi: kwamba ng'ombe wa damu nzuri "atakamua mgongo wake", yaani chakula kikipungua atatumia mafuta aliyojiwekea na maziwa yataendelea. Ina chembe ya ukweli, ndiyo maana inadumu. Mafuta ya mwili huyeyuka kweli, na sehemu yake huingia kwenye maziwa kama mafuta. Lakini mwili wa mnyama hauna njia ya kugeuza asidi za mafuta kuwa glukosi. Kutoka kwenye mafuta ini huambulia gliseroli tu, kipande kidogo kinachoyashikilia. Kwa hiyo mgongo unaweza kutoa malai, hauwezi kutoa laktosi, na bila laktosi hakuna maji wala lita. Mbaya zaidi, mafuta yanayofurika kwenye ini lisilo na propionati hugeuka ketoni, na hiyo ndiyo ile harufu ya tunda kwenye pumzi ya ng'ombe wa mama mdogo. Anayemwambia mfugaji asihofu kwa sababu ng'ombe wake ni mnene, anamwelekeza moja kwa moja kwenye ugonjwa.

Wapo pia wa upande wa pili kabisa, wanaosema turudi kwa ng'ombe wa asili tuachane na wageni. Siwafuati. Chotara wa nusu kwa nusu, katika nchi nyingi za joto, ameonyesha kwamba anaweza kukamuliwa mara kadhaa zaidi ya mama yake na bado akazaa na kustahimili. Dai la kiwele chake liko karibu na uwezo wa ini lake kwa chakula tulicho nacho. Kosa ninaloliona ni haraka ya kutoka nusu kwenda robo tatu ya damu ya kigeni na kuendelea, huku shamba la majani likibaki lile lile la bibi.

Tupime uwezo huo. Ng'ombe wa kilo 450 hula chakula kikavu kama kilo 13 kwa siku. Kama ni mabingobingo mabichi, ambayo sehemu kubwa ni maji, hiyo ni karibu kilo 70 zilizokatwa na kubebwa kila siku. Akiyapata yote, majani hayo peke yake yatamfikisha lita 7 hadi 10. Kinachobaki lazima kitoke kwenye wanga wa pumba na protini ya mashudu au ya mikunde ya malisho kama desmodiamu na lukina. Mabua ya kiangazi ni hadithi nyingine: protini yake iko chini ya ile asilimia 7 ambayo vijidudu vya rumeni huihitaji ili vifanye kazi, kwa hiyo tumbo linajaa na propionati haitoki. Na maji, ambayo hayagharimu kama mashudu lakini hubebwa kichwani, ng'ombe wa lita 15 anayataka yasiyopungua lita 60. Laktosi haiwezi kuvuta maji ambayo hayakunywewa.

Ukiyakubali hayo, namna tunavyopima mafanikio lazima ibadilike. Ripoti inayosema ng'ombe wangapi wamehamilishwa inapima dai. Ningetaka kuona lita za maziwa kwa siku zote 305 za kukamuliwa, na siku zilizopita hadi mimba ya pili, kwa sababu hizo mbili haziwezi kuwa nzuri kama ini lilikuwa na njaa. Rwanda, ilipoanzisha Girinka mwaka 2006, iliweka sharti la banda na eneo la majani kabla familia haijakabidhiwa ng'ombe. Sharti kama hilo lingeweza kufuata kila mrija wa mbegu ya ruzuku: vipando vya majani, pipa au mfuko wa sileji (majani yaliyovundikwa ili yadumu), na ratiba ya chakula cha wiki tatu kabla na baada ya kuzaa, imeandikwa kwa vipimo vya debe na kisado ambavyo mtu anavyo nyumbani.

Na lipo moja ambalo halihitaji hata shilingi. Mimba ya ng'ombe ni takriban siku 283. Nyanda za juu kusini, mvua hushika Novemba hadi Aprili au Mei. Ng'ombe aliyehamilishwa Februari atazaa Novemba, majani yanapochipua. Aliyehamilishwa Septemba atazaa Juni, akiingia kwenye kilele cha maziwa huku shamba likikauka, kama alivyoingia yule wa mama mdogo. Kambi ya uhamilishaji inayowachoma homoni ng'ombe mia moja kwa siku moja inachagua, kwa wote mia moja, mwezi ambao vimeng'enya vya kiwele vitaanza kudai. Tarehe hiyo leo hupangwa kwa kuangalia lini bajeti imetoka na lini mgeni rasmi ana nafasi.